Maji Yalifika Wapi

Sehemu ya tisa

Mwiko ulibaki hewani, punje za pilau zikidondoka moja moja kurudi kwenye sufuria.

Hapo ndipo tulipomwacha Scolastika, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Acheni kununa, nimerudi.

Kicheko kile kilisikika tena. Kilitoka chini ya turubai, upande wa wageni, kikapita juu ya moshi wa kuni, kikamwingia sikioni. Kicheko kizito cha mwanaume, chenye kukohoa mwishoni kama pikipiki inayozimwa.

Scolastika alikijua. Alikuwa hajakisikia kwa miaka kumi na moja.

Kilikuwa kicheko cha mume wake.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa maandazi, nikuwekee sawa upesi. Ni Jumapili mchana, Kalangalala, Geita mjini, nyumbani kwa Eufrasia, anayewauzia wachimbaji tochi za kichwani, kamba na viatu vya mvua. Leo ametimiza miaka hamsini, ingawa kadi za mwaliko zimeandikwa arobaini na tano. Scolastika ni rafiki yake tangu darasa la kwanza. Ametoka Kagongwa na magunia mawili ya mchele na mume mmoja, Marcel.

Magunia aliyapeleka jikoni. Mume alimkalisha meza namba nne, katikati ya watu asiowajua, akawaambia, "Mvumilieni jamani. Mume wangu si mwongeaji."

Kisha akaingia jikoni kusimamia pilau mwenyewe, maana kwa imani yake watu wa Geita wanajua dhahabu, mchele hawauheshimu.

Na hakumsingizia Marcel. Mzee yule anaendesha mashine ya kukoboa mpunga, na nyumbani ana maneno matatu tu: "Sawa," "Ndiyo," na "Chumvi." Sikukuu ikifika anaongeza "Asante."

Sasa huyo huyo alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Eufrasia aliingia jikoni amelishika gauni lake lisiguse majivu.

"Nkoi wane, rafiki yangu, pilau imefikia wapi? Watu wameanza kuniangalia kama mimi ndiye chakula."

"Nani amekaa na mume wangu?"

"Meza ya nne? Yupo Nasibu, yule Mzaramo anayeshona nguo sokoni. Wapo vijana wawili wa karasha, wanaosaga mawe ya dhahabu. Na Mama Hosiana."

Scolastika aliweka mwiko chini. Alisogea mpaka kwenye upenyo kati ya turubai na ukuta, akachungulia kwa jicho moja.

Alimwona Marcel. Alikuwa ameegemea mbele, mikono yote miwili juu, anaonyesha kitu kikubwa. Nasibu alikuwa amejikunja kwa kucheka. Wale wa karasha walikuwa wanapigana mabegani.

Mkabala na Marcel alikaa mwanamke wa gauni la njano na kilemba cha njano. Yeye alikuwa hacheki. Alikuwa ameshika tama, anamsikiliza Marcel kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani wa mwanawe redioni.

"Yule wa njano ndiye Mama Hosiana?"

"Ndiye. Ana kibanda cha chakula kule machimboni. Wachimbaji wakipanda kutoka duarani, shimo halijapoa, wao wameshafika kwake. Mjane. Mtu mzuri sana."

"Mjane," alisema Scolastika. "Tena mzuri."

"Nimesema mtu mzuri."

"Nimesikia ulichosema."

Eufrasia alimwangalia rafiki yake, akaona mshipa wa shingo umesimama.

"Scola. Mume wako anaongea na watu kwenye sherehe. Ulitaka aongee na viti?"

"Nimeishi naye miaka ishirini na nne, Eufrasia. Kumi na moja ya mwisho nimekuwa naongea na ukuta, tena ukuta unaojibu 'Sawa.' Nimempikia, nimemwombea, nimempeleka mpaka kwa mtaalamu wa masikio kule Kahama. Leo saa moja tu na mwanamke wa njano, mdomo umefunguka. Wewe unaona nini hapo?"

"Naona pilau inaungua."

"Mimi naona hivi. Kama huyo ndiye mwenye ufunguo, abaki naye. Kesho asubuhi napanda basi la Tinde, narudi kwa mama. Sitaki ugomvi, sitaki kikao. Narudi tu."

Alisema kwa sauti ndogo, na Eufrasia aliyemjua tangu wanagawana kiazi kimoja darasani akajua hapo hapo kwamba nauli imeshafungwa kwenye pindo la kanga.

Lakini mwanamke haondoki kabla hajasikia anachokiondokea.

Jikoni kulikuwa na jagi la maji ya moto, beseni na sabuni, tayari kunawisha wageni. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa kamati. Scolastika alimpokonya jagi, akamwambia, "Pumzika, mayu, mama yangu, umesimama sana." Yule mama alishukuru. Hakujua kwamba amepokonywa silaha.

Kisha Scolastika akachukua kanga yake ya jikoni, akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi.

Kanga yenyewe ilikuwa kuukuu. Nyekundu yake ilikuwa imefifia ikawa kama nyama iliyochemshwa mara mbili, ila maandishi yalikuwa bado yanasomeka: NIMEKUCHAGUA NIMETULIA. Marcel alimpa siku ya kwanza walipoonana. Kipande cha pili cha doti kilibebea watoto watatu, kuanzia Charles, kikachanika. Hiki alikiweka kwa kazi za moto na moshi.

"Atakujua," alionya Eufrasia.

"Mwanaume akinawishwa huangalia maji. Hajawahi kuangalia anayemimina."

Akatoka.

Aliinama vizuri, mgongo kama wa bibi wa miaka tisini. Alianza na meza ya tatu ili asionekane ana haraka. Masikio yake yalikuwa yameshatangulia meza ya nne yakakaa.

"Mvua ilinyesha juu huko siku mbili," Marcel alikuwa anasema. "Ule mto wa kule Tinde, kiangazi ng'ombe wanalala ndani yake. Siku hiyo ulikuwa umeamka. Nafika na baiskeli yangu, namkuta msichana amesimama ukingoni, ana tenga la kuku kichwani, analia."

"Kuku analia?" aliuliza Nasibu.

"Msichana. Kuku alikuwa amekata tamaa."

Wale wa karasha wakapiga meza.

 Scolastika aliijua habari ile. Msichana wa ukingoni alikuwa yeye.

Hakuwa kuku, alisahihisha kimoyomoyo akimnawisha kijana wa kwanza wa karasha. Alikuwa bata. Tena sikulia.

"Nikamwambia panda mgongoni. Akapanda. Tenga juu ya kichwa chake, yeye juu ya mgongo wangu, baiskeli juu ya bega langu."

Baiskeli aliirudia baadaye, alisema moyo wa Scolastika, na taya zake zikauma kwa kuyazuia maneno.

"Mtani," alisema Nasibu, "wewe Msukuma umekulia kwenye vumbi. Maji ulijuaje ni maji?"

"Nilijua kwa sababu hayakuwa na mihogo ndani, nikajua hapa si kwenu."

Nasibu alicheka mpaka akashika kiti cha jirani. Watu wa Pwani na watu wa huku ni watani tangu mababu wanabeba mizigo kwa miguu, na mtani akitukanwa vizuri anashiba.

Scolastika alikuwa amesimama nyuma ya mtu aliyelala naye miaka ishirini na nne, na alikuwa hajui kwamba mtu huyo anachekesha. Alikuwa amejua zamani, akasahau. Aliangalia wageni wale wanavyomnywa mume wake kwa macho, akatamani kuwanyang'anya kila neno alirudishe nyumbani kwenye mfuko.

Alisogea kwa Nasibu, akaanza kummiminia.

"Nikaingia," alisema Marcel, sauti imeshuka. "Goti. Nikasonga. Kiuno. Nikasonga. Kifua. Msichana ananikaba koo, bata, samahani, kuku anapiga mabawa. Nikafika katikati, maji yakafika hapa."

Akaweka vidole shingoni.

Jagi lilitikisika. Maji yakamwendea Nasibu mapajani.

"Mama wee, unaninawisha au unanibatiza?"

"Nisamehe, mwanangu," alisema Scolastika kwa sauti ya kizee, akipangusa.

Marcel aliyaangalia maji mezani. Aliangalia suruali ya Nasibu. Kisha akaendelea kama kawaida, macho yake yakiwa kwenye beseni.

Mama Hosiana hakucheka hata hapo. Alikuwa na maswali.

"Ng'ambo palikuwa na watu?"

"Mtoni hapakosi watu. Sikuwaangalia. Nilikuwa nimebeba mtu."

"Na baiskeli ilikuwa na mzigo nyuma?"

Marcel alisita. "Kanga. Doti mpya. Nilimpa yule msichana ajifunike, alikuwa amelowa."

"Ukampa yeye."

"Nikampa yeye."

Mwanamke anayeulizia mzigo wa baiskeli ya mume wa mtu, baada ya miaka ishirini na nne, anatafuta nini? Scolastika hakuwa na shaka kwamba anatafuta nafasi nyuma ya baiskeli hiyo hiyo.

Ilipofika zamu ya kumnawisha, alimmiminia maji ya moto kuliko wote. Mama Hosiana alinawa bila kukunja uso. Mikono yake ilikuwa imezoea masufuria. Alipomaliza alishika pindo la kanga ya Scolastika akajifutia, kisha akaliangalia lile pindo. Midomo yake ikacheza kidogo, kama anayesoma. Akaliachia polepole.

"Na yule msichana ulimwoa?" alimuuliza Marcel bila kugeuka.

"Nilimwoa."

"Yuko wapi sasa?"

Ilikuwa zamu ya Marcel kunawa. Alinyoosha mikono juu ya beseni, Scolastika akamimina, na mume wake akaangalia maji, kama ilivyotabiriwa.

"Alipotea," alisema Marcel. "Miaka kumi na moja sasa. Naishi na mama mmoja anayefanana naye."

* * *

Scolastika alirudi jikoni bila kujua amepita wapi.

Kuna wivu wa mke mwenza, huo unaeleweka. Kuna wivu wa jirani mwenye friji, nao unaeleweka. Lakini mwanamke amesimama karibu na jiko la kuni anamwonea wivu msichana wa miaka ishirini na sita, na msichana huyo ni yeye mwenyewe, dawa yake inauzwa wapi?

"Anasema nimepotea," alimwambia Eufrasia. "Mbele ya yule wa njano. Anasema anaishi na mtu anayefanana na mimi."

Eufrasia alifunika sufuria.

"Maji yalifika wapi siku ile?"

"Magotini."

"Yeye amesema wapi?"

"Shingoni. Bata amemfanya kuku. Baiskeli ameiweka begani, kumbe aliirudia. Na mimi ati nililia."

"Wewe Scola, unajua tatizo lako ni nini?"

Scolastika hakupata kulijua, kwa sababu wakati huo spika ziliunguruma. Ilikuwa zamu ya keki, na mwenye siku yake aliitwa mbele mara tatu. Eufrasia alikimbia na kisu mkononi.

Emsii aliitwa Luka, kijana wa suti ya zambarau, mwenye sauti ya mtu anayeuza sabuni kwenye basi. Kwenye sherehe za kwetu mnajua, keki haikatwi ikaliwa. Keki inalishwa. Nani ameitwa, nani amefuata, nani hakuitwa kabisa, mambo hayo yamevunja urafiki kuliko madeni.

"Leo tunabadilisha," alitangaza Luka. "Kabla ya ndugu, kabla ya kamati, mama yetu anataka kumlisha mgeni aliyewachangamsha wageni wenzake. Meza mbalimbali, nipeni mwongeaji bora."

Meza ya pili walimtaja mwalimu mmoja. Meza ya sita walimtaja mtu aliyekuwa amelala. Meza ya nne walisimama wote wakapiga makofi kwa mpigo.

"Mzee Shingo. Mzee Shingo. Mzee Shingo."

Turubai zima la watu likageuka. Marcel alisimama, akakaa, akasimamishwa na wale wa karasha, kila mmoja na kwapa lake.

"Mzee Shingo aje na ubavu wake," alisema Luka. "Shemeji yuko wapi?"

Na hapa ndipo lilipotokea kosa. Nasibu, amelowa mapaja, alinyanyua mkono. Mtani akishalowa lazima alipize.

"Shemeji huyu hapa, wa njano. Anaona haya. Mahari nitapokea mimi, mtani wangu hawezi kuhesabu ng'ombe wakiwa wamesimama."

Mama Hosiana alikataa kwa kichwa. Lakini vigelegele vilikuwa vimeshapanda, na Luka alikuwa ameshafika, amemshika mkono. Alipelekwa mbele, akasimamishwa kando ya Marcel, njano inang'aa kama alizeti. Mpiga picha akasema sogeaneni.

"Wamependeza, hawajapendeza?" aliuliza Luka.

"Wamependeza," uliitikia umati.

Scolastika aliyasikia akiwa kwenye upenyo wa turubai, jagi bado mkononi. Aliona Eufrasia ameduwaa na kisu. Aliona sahani yenye kipande cha keki na kijiti kimechomekwa. Aliona mume wake kati ya nyuso za watu, amezungukwa na furaha ambayo yeye hakualikwa.

Alitaka kugeuka achukue mfuko wake. Basi lilikuwa la kesho, ila stendi ya leo nayo ina mabenchi.

Marcel akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

Eufrasia alisimulia baadaye kwamba aliomba ardhi ipasuke. Mtu yule Krismasi iliyopita alisema maneno manne, na mawili alisaidiwa na padri.

"Mama huyu namshukuru," alisema Marcel. Spika zilikoroma, akazisubiri. "Amenisikiliza. Lakini si mke wangu. Mtani wangu amelipiza maji."

Kicheko kikapita.

"Mke wangu ndiye aliyemmwagia."

Kicheko kikakatika.

"Yuko pale kwenye upenyo, ana jagi na kanga nyekundu. Njoo, Mama Charles."

Watu wakafungua njia. Wapo waliokumbuka wamenawishwa na kibibi kile wakaanza kujiangalia vidole. Scolastika alitembea katikati yao na mgongo aliosahau kuunyoosha. Alipofika mbele ndipo akaunyoosha, na miaka arobaini ikamtoka.

"Umejuaje?" alimuuliza Marcel. Alidhani ameuliza kwa siri, kumbe kipaza sauti kilikuwa katikati yao.

"Niliposema shingoni, ukamwaga maji. Duniani hapa ni mtu mmoja tu anayeumia maji yale yakipanda."

Wanawake wakacheka. Marcel hakucheka.

"Miaka kumi na moja iliyopita," Marcel aliendelea, akiwageukia wageni, "kwenye sherehe ya shemeji yangu, Tinde, niliwasimulia watu habari hii. Nilipofika shingoni, mke wangu akasema, 'Magotini. Msimsikilize, alivuka kama anavuka dimbwi.' Watu wakacheka sana. Kilikuwa kicheko kizuri. Ila hakikuwa changu."

Alifuta jasho.

"Tangu siku hiyo, kila nikitaka kusema kitu nyumbani, namwona yuko ng'ambo ananisubiri na rula. Nikaona ninyamaze. Leo amenikalisha na wageni, Mungu ambariki. Mgeni hakujui. Ukimwambia kuku, anamwona kuku. Hakuulizi kama alikuwa bata."

"Alikuwa bata?" aliuliza kijana mmoja wa karasha kwa huzuni.

"Alikuwa bata," alisema Marcel. "Sasa, Mama Charles. Nimesema umepotea, nimesema kwa makusudi, maana nilijua unasikia. Nakuuliza mbele ya watu hawa. Siku ile, maji yalifika wapi?"

Akampa kipaza sauti.

Kutoka jikoni pilau ilisikika inatokota.

Ndugu msomaji, usimcheke. Wewe hujui kazi aliyopewa. Ulimi wa Scolastika haujawahi katika maisha yake kupita kando ya kosa bila kulikanyaga. Alisahihisha mapadri. Alisahihisha hesabu ya ng'ombe wa mahari yake mwenyewe, ikapungua. Neno "magotini" lilikuwa limeshafika kwenye meno, limevaa viatu.

Alimwangalia Marcel. Jasho, kope nyeupe kwa vumbi la pumba ambalo halitoki hata siku ya Jumapili. Akakumbuka mgongo ule ulivyokuwa na joto ndani ya maji ya baridi. Akakumbuka kwamba alifumba macho.

"Mimi ndiye niliyebebwa," alisema. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayejua."

Akameza.

"Yalifika shingoni. Na nililia."

Ninyi mmewahi kusikia Kalangalala ikipiga kelele? Nasibu alipanda juu ya kiti na suruali yake mbichi. Eufrasia aliacha kisu akaanza kucheza peke yake. Marcel alicheka kile kicheko, chote, mpaka kwenye kikohozi cha mwisho, na safari hii alikuwa anamwangalia mkewe. Scolastika akasema "Wabeja, asante," kwa kila aliyempongeza, akijisikia kama aliyevua viatu vilivyombana miaka kumi na moja.

Kichwani mwake, basi la Tinde likaondoka bila yeye.

Marcel akachukua kijiti chenye keki, akakinyanyua kuelekea mdomo wa mke wake. Mpiga picha akapiga goti. Mdomo ukafunguka.

"Yalikuwa ya magoti."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayetaja bei ya wali maharage. Ilitoka kando yao. Mama Hosiana alikuwa bado amesimama pale pale mbele alipowekwa. Wote walikuwa wamemsahau.

Luka akacheka. "Mama, na wewe? Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ng'ambo. Nilisimama tangu jogoo wa kwanza, namsubiri mwenye baiskeli."

Kijiti cha keki kilibaki hewani.

"Mama Hosiana ni jina la mwanangu," aliendelea, akimwangalia Marcel bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Scolastika zaidi. "Machimboni hakuna anayeuliza jina lako la nyumbani. Nimekaa na wewe meza moja saa mbili, hujaniuliza. Mimi ni Limi."

Keki ikadondoka kwenye kiatu cha emsii.

"Kanga aliyojifunika mkeo imeandikwa Nimekuchagua Nimetulia. Jina hilo nililichagua mimi, dukani, siku ya Ijumaa. Wewe, mchumba wangu wakati ule, kazi yako ilikuwa kuilipia na kunivushia Jumamosi."

 Hata Nasibu alishuka kwenye kiti.

Scolastika aliwasha moto wa wivu tangu mchana, akauchochea, akauzima, na sasa alijikuta amesimama upande usio wake. Muda wote alidhani amekuja kulinda chake. Alipandisha mkono kichwani, akagusa kitambaa kile kuukuu kama anagusa kitu cha kuazima.

Alijua kila kipimo cha siku ile. Kina cha mto, aina ya ndege, njia ya baiskeli. Kitu kimoja hakuwahi kukiuliza kwa miaka ishirini na nne: mtu yule alikuwa anakwenda wapi.

"Baba Charles," alisema taratibu. "Uliwaambia hawa kwamba watu wa ng'ambo hukuwaangalia. Mimi nilifumba macho, siwezi kukusahihisha. Ulimwona amesimama pale kabla hujanibeba?"

Marcel alifungua mdomo. Maneno yote ya mchana ule yalikuwa yamemwisha, yamebaki yale matatu ya nyumbani. Alimwangalia Limi. Alimwangalia mke wake. Akachukua moja.

"Ndiyo."

Limi akanyoosha mkono, akashika pindo la kanga kichwani kwa Scolastika, na safari hii hakuliachia.